Kikomo cha Deni na Utawala wa Nyumba

Kila nyumba ni serikali ndogo. Ina mapato yake na matumizi yake, ina wakubwa wa kuamua na wadogo wa kuamuliwa, na ina siku za shibe na siku za dhiki. Tofauti yake na serikali kubwa ni kwamba nyumba haiwezi kuchapa noti inapopungukiwa, wala haiwezi kuwatoza majirani kodi. Nyumba iliyopungukiwa ina njia chache: kupunguza mahitaji, kuongeza kazi, kuuza kilichopo, kuomba, au kukopa. Katika njia hizo, kukopa ndiyo nyepesi kuliko zote wakati wa kuianza, na nzito kuliko zote wakati wa kuimaliza. Wahenga walilieleza jambo hilo kwa maneno machache waliposema kuwa kukopa ni harusi na kulipa ni matanga. Hata hivyo, zama hizi zimezusha hoja ambayo wahenga hawakuisikia: kwamba deni, likishikwa vizuri, si adui wa bajeti ya nyumba bali ni chombo cha kuiendesha. Hoja hiyo husemwa zaidi juu ya kadi ya mkopo, nayo yastahili kupimwa kwa haki kabla ya kukubaliwa au kukataliwa.

Kadi ya namna hiyo ilianzia Marekani. Mwaka 1950 kampuni ya Diners Club, mjini New York, iliwapa wanachama wake kadi ya kulia chakula hotelini bila kutoa fedha papo hapo. Mwisho wa mwezi mwanachama alipelekewa hesabu, naye alipaswa kuilipa yote. Mwaka 1958 Bank of America ilikwenda mbali zaidi. Katika mji wa Fresno, jimbo la California, ilituma kwa posta kadi zipatazo 60,000 kwa watu ambao hawakuziomba, na kila kadi ilikuja na kiasi cha mkopo kilichokwisha kuidhinishwa. Mwenye kadi hakulazimika tena kulipa hesabu yote: aliruhusiwa kulipa sehemu tu, na sehemu iliyobaki ikatozwa riba. Kadi hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa Visa mwaka 1976, na leo hakuna bara ambalo haijafika.

Watetezi wa kadi husema hivi. Mtu anunuaye kila kitu kwa kadi, tangu unga na sabuni hata nauli na sare za watoto, hupata mwisho wa mwezi karatasi moja imwonyeshayo kila senti ilikokwenda. Fedha taslimu haina kumbukumbu. Ikitoka mfukoni imetoka, na mwenye nyumba hubaki akijiuliza ilipopotelea. Kadi hujiandikia yenyewe. Tena, mwenye kulipa hesabu yote kabla ya siku iliyowekwa hatozwi riba kwa manunuzi yake, kwa hiyo ametumia fedha ya mwingine kwa wiki kadhaa bure. Zaidi ya hayo, likimpata jambo la ghafla, kama ugonjwa au msiba, hana haja ya kubisha mlango wa jirani usiku.

Hoja hizi zina ukweli, na si haki kuzikejeli. Lakini yafaa kutazama sharti lililojificha ndani yake. Mtu alipaye hesabu yote kila mwezi ni mtu ambaye fedha anayo, au ana hakika ya kuipata kwa tarehe inayojulikana. Mtu huyo hakukopa kwa maana kamili. Amechelewesha malipo tu. Alikwisha kupanga matumizi yake kabla ya kuitoa kadi mfukoni, na kadi imemsaidia kuyaandika. Kwa hiyo si kadi iliyoitawala nyumba. Nyumba iliyokwisha kujitawala ndiyo iliyoitawala kadi. Kadi haikuleta kiasi; ilikikuta. Na nyumba isiyokuwa na kiasi, ikipewa chombo hichohicho, hupata karatasi ileile yenye orodha ileile, lakini huisoma kama mtu asomaye habari za ajali iliyokwisha kutokea.

Hoja inayopimwa kwa watu wa mshahara peke yao imepimwa nusu. Nusu ya pili huonekana inapopelekwa mahali ambapo mshahara ni wa wachache. Busi ni mahali pa namna hiyo: kata ya wilaya ya Kondoa, mkoani Dodoma, katika uwanda wa kati wa Tanzania, katika nchi ya Warangi. Mvua ya uwanda huo ni ya msimu mmoja, nayo haiaminiki. Hunyesha tangu Novemba au Desemba hata Aprili, na huweza kukatika katikati wakati mahindi yanapoihitaji kuliko siku zote. Wakulima wa sehemu hizo hupanda mahindi, uwele, mtama, alizeti na mbaazi. Mapato yao makubwa huja mara moja kwa mwaka, baada ya mavuno. Tumbo hudai kila siku. Na miezi ya Januari, Februari na Machi, ambayo ghala limepungua, ndiyo miezi ya palizi itakayo nguvu, na ndiyo miezi ya shule kufunguliwa. Ada ya shule za serikali iliondolewa mwaka 2016, lakini sare, madaftari na viatu havikuondolewa.

Katika mahali kama hapo mkopo haukuletwa na kadi. Daftari la deni lilikuwapo dukani kabla yake. Mwenye duka huandika jina, bidhaa na bei: sukari nusu kilo, chumvi, mafuta ya kupikia, sabuni mche mmoja. Daftari hilo lina dhambi zake. Bei ya mkopo huweza kuizidi bei ya taslimu, na mdai huweza kumbana mdaiwa amwuzie mazao kwa bei ya kutupa kabla hayajavunwa. Kagera wana jina lao kwa desturi ya kuuza kahawa ingali mtini, huiita butura. Na jambo lenyewe, kwa jina hili au lile, lajulikana kila mahali ambapo njaa huwatangulia wavunaji. Hata hivyo, daftari lina sifa moja isiyopatikana kwa urahisi katika vyombo vipya: kikomo chake huwekwa na mtu amjuaye mkopaji. Mwenye duka ameliona shamba. Anajua kama mvua ilikatika, anajua nani anauguza, anajua nani ameuza mbuzi jana. Anaposema, “Mama, tumalize kwanza la nyuma,” husema neno chungu, lakini ni neno lililotoka katika hesabu ya maisha ya watu wawili waishio chini ya mvua moja.

Sasa simu imechukua mahali pa daftari. Huduma ya M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008, nayo ilikuwa kwanza njia ya kupeleka fedha. Baada ya fedha kukaa simuni, mkopo ulifuata: Kenya ilipata M-Shwari mwaka 2012, na Tanzania ilipata M-Pawa mwaka 2014. Kisha zikaja huduma za kumkamilishia mtu malipo pale salio lake linapopungua, kama Fuliza ya Kenya iliyoanza mwaka 2019, na Songesha ya Tanzania. Huduma za namna hii ndizo kadi ya mkopo ya mtu ambaye hakuwahi kuingia benki. Hazihitaji mdhamini, wala barua ya mwenyekiti wa kijiji, wala safari ya kwenda mjini. Mtu hubonyeza, naye amepata. Siku fedha yoyote inapoingia, mashine hukata haki yake kwanza, na mwenye simu hubakiwa na kilichosalia.

Mfano wa nyumba mbili utalifafanua jambo hili. Nyumba ya kwanza ni ya mwalimu wa shule ya msingi, ambaye mshahara wake huingia kila mwezi. Nyumba ya pili ni ya mkulima wa alizeti na uwele. Zote mbili zimepungukiwa tarehe 20 Februari, na zote mbili zimekopa shilingi 30,000 kwa simu, za kulipwa baada ya siku thelathini. Kwa mwalimu deni hilo ni daraja fupi, na ng'ambo ya daraja upo mshahara. Kwa mkulima ni daraja lililokatikia katikati ya mto; siku thelathini zinapotimia, alizeti ingali maua. Atalipa kwa nini? Atauza kuku, kisha mbuzi, au atakopa kwingine ili alipe hapa, na kila mara sehemu ya mavuno yajayo itakuwa imeliwa kabla ya kuvunwa. Mwalimu akimcheka mkulima kwa kukosa busara, atakuwa amemcheka kwa kosa la kalenda. Fadhila ya kiasi ni moja kwa wote wawili; vipimo vyake ndivyo mbalimbali. Mmoja huishi kwa mwezi, mwingine huishi kwa mwaka, na chombo kilichotengenezwa kwa kipimo cha mwezi hakiwezi kuwa na adabu katika nyumba ya mwaka.

Hili ni funzo la kwanza, nalo ni la hesabu. Lipo la pili lililo zito zaidi, nalo ni la maadili: swali la nani huweka kikomo.

Kila mkopo una kikomo. Kadi ina kikomo, simu ina kikomo, daftari lina kikomo. Hatari haimo katika kuwapo kwa kikomo, bali imo katika namna akili ya mwanadamu inavyokisoma. Mtu akiambiwa na simu yake kwamba anaweza kukopa shilingi 50,000, aghalabu hasikii kwamba mkopeshaji yuko tayari kubahatisha kiasi hicho juu yake. Husikia kwamba yeye ana uwezo wa shilingi 50,000. Akilipa vema na kikomo kikapandishwa, hufurahi kama mtu aliyepandishwa cheo. Lakini kikomo hicho hakikupimwa kwa shamba lake, wala kwa watoto wake, wala kwa mawingu ya Februari. Kimepimwa kwa mwenendo wa simu yake: salio aliloweka, fedha alizopokea na kutuma, madeni aliyolipa. Hesabu hiyo hutafuta kujua jambo moja tu, yaani kama atalipa. Haimwulizi atalipa kwa kukosa nini. Mtu anayelipa deni kwa kuwanyima watoto mlo wa jioni na mtu anayelipa kwa mshahara huandikwa katika safu moja, safu ya walipaji wazuri.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo hili. Bajeti si orodha ya bei. Bajeti ni uamuzi wa nyumba kusema, “Hapa tutakoma,” ingawa uwezo wa kuendelea bado upo. Mtu hujikuna ajipatapo. Na neno zito katika methali hiyo ni “ajipatapo”, kwa sababu linadai mtu aujue urefu wa mkono wake mwenyewe. Mkopo humpa mkono wa kuazima, na baada ya muda husahau ni upi wake na ni upi wa kuazima. Nyumba isiyojiwekea kikomo haiachwi bila kikomo; huwekewa na mwingine, kwa faida ya mwingine, kwa wakati aupendao mwingine.

Nchi ya Kondoa inalo somo lake la zamani juu ya jambo hili, na somo hilo limeandikwa ardhini. Vilima vya Irangi vilichimbika makorongo makubwa kwa mmomonyoko wa udongo. Sababu zake zilikuwa nyingi: kulima miteremko, wingi wa mifugo, kukata miti, na hata ufyekaji wa misitu uliofanywa ili kumfukuza mbung'o. Si haki kuwabebesha wakulima lawama yote. Lakini jambo lenyewe lilikuwa la namna ya deni: kila mwaka udongo ulitoa zaidi ya ulichorudishiwa, na kwa kuwa haukudai siku hiyohiyo, ulionekana kana kwamba haudai. Mwaka 1973 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi ya Ardhi Dodoma, uliojulikana kwa kifupi kama HADO. Na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondolewa katika eneo lililoharibika, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 1,200. Miti na majani vilirudi, na wataalamu wa nchi nyingi walikuja kutazama. Lakini wenye ng'ombe walijua walichokilipa. Maziwa na mbolea viliwatoka, na ng'ombe waliokuwa akiba ya familia wakapelekwa mbali. Kikomo ambacho hakikuwekwa mapema na wenyeji, kwa kiasi chao na kwa zamu zao, kilikuja kwa amri, na kilikuja kizima. Ndivyo deni lifanyavyo kila mahali.

Hapa mtu aweza kutoa pingamizi la haki. Atasema: kumhubiria kiasi mwenye njaa ni ukatili. Mama asiye na unga Februari hana fahari wala anasa, ana watoto. Mkopo wa simu, hata ukiwa ghali, umemwokoa na aibu ya kuzunguka na bakuli. Ni nani aliyeshiba atakayemwambia asikope?

Pingamizi hili lina nguvu, na jibu lake si kulikanusha bali kutenganisha madeni yaliyochanganywa chini ya jina moja. Lipo deni la uhai, ambalo hukopwa ili mtu asife au asiugue. Lipo deni la kazi, ambalo hukopwa kwa mbegu, jembe au palizi, nalo hutarajiwa kuzaa malipo yake. Na lipo deni la fahari, ambalo hukopwa ili mtu aonekane: sherehe iliyozidi kimo, simu mpya, nguo ya kushindana. Deni la uhai si kosa la mdaiwa. Kama lina kosa, ni la jamii iliyomwacha mtu mmoja abebe peke yake ukame ulioshuka juu ya wote. Deni la kazi ni tendo la matumaini, na hukumu yake hutegemea kama muda wake umelingana na mmea. Deni la fahari peke yake ndilo ambalo wahenga walilionea matanga. Mashine haiwezi kuyatenganisha madeni haya matatu, kwa sababu kwake shilingi ni shilingi. Nyumba yaweza, na kwa hiyo kazi hiyo ni ya nyumba.

Wala jibu si kuwakataza maskini kukopa. Njia hiyo ilikwisha kujaribiwa. Katika Tanganyika ya Waingereza, kati ya vita viwili vya dunia, palikuwa na sheria ya kuzuia mikopo kwa wenyeji: deni ambalo mfanyabiashara asiye mwenyeji alimpa Mwafrika halikuweza kudaiwa mahakamani bila idhini ya serikali. Watetezi wake walisema ni ngao ya mnyonge, na huenda iliwakinga baadhi ya watu na wadai wakali. Lakini ngao hiyo ilikuwa pia tusi. Ilimhesabu mtu mzima kama mtoto, na ikamfungia mlango wa biashara aliyetaka kuinuka. Kuaminiwa ni sehemu ya utu uzima. Mtu asiyeweza kuwiwa kwa mujibu wa sheria hawezi pia kuahidi, na asiyeweza kuahidi amepungukiwa na kitu kikubwa kuliko fedha.

Basi suala si kukopa au kutokopa, ni haki. Na haki ya kwanza idaiwayo na deni imo ndani ya nyumba yenyewe. Mtu wa leo na mtu wa kesho ni mtu mmoja kwa jina, lakini katika deni husimama kama watu wawili: mmoja hula, mwingine hulima. Akiba ni zawadi ambayo wa leo humpelekea wa kesho; deni ni kitu ambacho wa leo huchukua kwa wa kesho bila kumwuliza. Tena deni la nyumba lina jambo jingine la kuzingatiwa: akopaye aghalabu ni mmoja, na walipao ni wengi. Baba hukopa kwa siri, mama hupunguza mboga. Mama hukopa kwa siri, mtoto hukosa daftari. Deni la dukani lilikuwa gumu kufichwa, kwa maana mtoto aliyetumwa chumvi alirudi na salamu za mwenye duka. Deni la simu limefungiwa kwa namba ya siri katika mfuko wa mtu mmoja. Wepesi wake ni huo, na udhalimu wake waweza kuwa huohuo. Bajeti inayofanywa na mtu mmoja gizani si bajeti ya nyumba, hata ikiwa hesabu zake ni sahihi. Ili iwe ya nyumba, hapana budi walipao wajue wanacholipa.

Haki ya pili ni ya mkopeshaji, naye hawezi kujitoa kwa kusema kwamba mkopaji alikubali masharti. Dini na hekima za kale hazikumwachia nafasi hiyo. Uislamu, ambao wafuasi wake ni wengi Kondoa, hukataza riba, huamuru deni liandikwe, na huagiza mdaiwa aliye katika dhiki apewe muda mpaka wepesi. Torati iliagiza madeni yaachiliwe kila mwaka wa saba. Aristotle, mwenye hekima wa Kiyunani, aliiona fedha izaayo fedha kuwa jambo lililo kinyume cha maumbile. Walimwengu hawa hawakuwa wa taifa moja wala wa zama moja, lakini wote waliona kwamba mwenye nacho, anapomkopesha asiye nacho, huwa ameshika kitu zaidi ya fedha: ameshika siku za mtu.

Mambo yaliyotokea Tanzania yanaonyesha kitakachotokea jambo hilo linaposahauliwa. Watu wenyewe wamebuni jina la mikopo fulani, “kausha damu”, na jina hilo halihitaji ufafanuzi. Wapo watumishi, walimu miongoni mwao, ambao wamemkabidhi mkopeshaji kadi ya benki pamoja na namba ya siri kuwa rehani. Siku ya mshahara mkopeshaji ndiye atanguliaye kwenye mashine, na mwenye mshahara husubiri kuambiwa kilichobaki. Hiyo nayo ni kadi na mkopo, lakini ni kadi iliyogeuzwa: badala ya kumpa mtu fedha ya mwingine, humpa mwingine fedha ya mtu. Mshahara uliokuwa faida yake juu ya mkulima, yaani hakika ya tarehe, umekuwa kamba ya kumfungia. Vilevile zilienea programu za simu za kukopesha ambazo, mdaiwa akichelewa, ziliwapelekea ujumbe jamaa na rafiki zake wote ili kumwaibisha. Bunge lilikwisha kutunga Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha mwaka 2018, na Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni.

Yafaa kulitazama jambo la aibu kwa makini, maana haya ilikuwa mlinzi wa zamani wa mikopo. Mtu wa kijijini alilipa kwa sababu angekutana na mdai wake msikitini, kanisani, kisimani na msibani. Lakini haya hiyo ilikwenda pande mbili. Mdai naye aliona haya kumdai mtu aliyefiwa jana. Programu huijua haya ya mdaiwa, lakini yenyewe haina haya. Imechukua mlinzi wa watu wawili ikamfanya mbwa wa mtu mmoja. Hapo kilichovunjika si bajeti ya nyumba peke yake. Kimevunjika kitu ambacho bajeti yoyote hukitegemea, yaani imani kati ya watu.

Je, kuna mkopo unaoheshimu utawala wa nyumba? Upo, na si lazima utafutwe ng'ambo. Vikundi vya akiba na mikopo vya vijijini, viitwavyo VICOBA, vina kanuni ambayo wanafalsafa wangejivunia kuitunga. Mwanachama hununua hisa kila mkutano kwa kadiri yake, na aghalabu hawezi kukopa zaidi ya mara tatu ya hisa alizoweka. Kikomo chake, basi, kimetokana na kiasi chake mwenyewe: aliyejinyima kidogo hukopa kidogo, aliyejinyima zaidi hukopa zaidi. Mkopo huombwa mbele ya wenzake, na sababu yake hutajwa. Riba inayolipwa hairuki kwenda mbali. Hurudi katika sanduku lao na kugawanywa mwisho wa mzunguko. Na wanachama huweza kuupanga mzunguko huo ulingane na mwaka wa shamba. Vikundi hivi vina matatizo yao: wamo wanaotoroka, wamo wanaokopa kwa kikundi hiki ili wakilipe kile, na wamo wasioweza kununua hata hisa moja. Lakini vinathibitisha kwamba kikomo chaweza kutoka ndani, na kwamba mtu hapungukiwi uhuru kwa kujiwekea mpaka, huupata hapo.

Jibu la swali lililoulizwa mwanzo laweza sasa kutolewa bila chuki kwa kadi wala mapenzi ya upofu kwa mambo ya kale. Deni haliwezi kuwa bajeti. Laweza kuwa mtumishi wa bajeti iliyokwisha kufanywa, na utumishi wake una masharti matatu: muda wake ulingane na muda wa mapato, walipao wawe wamejua na kukubali, na kikomo chake kiwe kimewekwa na nyumba kabla ya kuwekwa na mkopeshaji, nacho kiwe chini ya hicho cha mkopeshaji. Mwalimu wa Busi mwenye kutimiza masharti haya aweza kutumia kadi, simu na daftari kwa usalama. Mkulima wa Busi aweza vilevile, akipata mkopaji mwenzake au mkopeshaji anayeijua mvua. Lakini pasipo masharti hayo, hata mkopo usio na riba huweza kuifanya nyumba mtumwa, kwa sababu utumwa wa deni hauanzi siku mdai anapopiga hodi. Huanza siku mtu anapotazama kiasi alichoruhusiwa na mwingine, akadhani ametazama kiasi chake.